Nilitumwa Kigali Kupiga Picha za Stendi

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya picha. Mwenyekiti wa kijiji chetu, Faustini, kijana mwenye haraka na moyo mzuri, alikuja kwangu Jumatatu asubuhi na simu mpya mkononi. "Ta Longini," akaniambia, maana kwetu mzee huitwa Ta, "wewe una mwenyeji Kigali. Nenda utuletee picha za stendi za wenzetu. Watu wakiona kwa macho, mkutano utakuwa mfupi." Akaniachia ile simu, pamoja na barua moja iliyosubiri saini yangu.

Kwa msomaji asiyekijua kijiji chetu, kilicho upande wa Karagwe, sina budi kueleza kidogo. Kwetu ardhi ina namna mbili. Kuna kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Hicho mwanamume hukirithi kwa baba yake, na kila mpaka una hadithi na ugomvi wake. Halafu kuna rweya, uwanda wa nyasi ulio nje ya vibanja, ambako tangu zamani wanawake hulima njugu mawe, viazi vikuu, maharage na mboga. Mwanamke hufyeka kipande, hukilima misimu miwili au mitatu, kisha husogea pembeni ili udongo upumzike. Ukimwuliza mwanamume wa kwetu ana mashamba mangapi, rweya hataitaja. Anakula kutoka huko karibu kila siku, lakini kwake hilo si shamba.

Miaka kumi na kitu iliyopita kijiji kilitengeneza mpango wake wa matumizi ya ardhi. Mimi nilikuwa katibu wa kamati, kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne, nikafanya ukarani wa chama cha kahawa muda mrefu, na mwandiko wangu ulisifiwa. Tulikaa ofisini wanaume sita, saa nne asubuhi, saa ambayo wanawake wote wako rweya. Mtaalamu aliyeletwa akaweka kidole kwenye karatasi akauliza, "Na hapa pana nini?" Tukatazamana. Nikajibu, "Hapana kitu." Nikachukua kalamu nikaandika kwa herufi kubwa: ENEO LA WAZI.

Mwaka uliofuata nusu ya rweya ikakatwa viwanja na stendi ndogo ya magari. Kwa kuwa palikuwa wazi, waligawiwa waliokuwepo chumbani. Mimi nilipata kiwanja cha kona, na hadi leo mwanangu ana duka pale. Sikuchukua usiku kama mwizi. Nilichukua mchana, kwa kalamu.

Mke wangu, ambaye kijiji kizima kinamwita Mama Edita, alikuwa akilima katika nusu ile. Hakunigombeza. Lakini miezi kadhaa baadaye, nilipouliza mbona siku hizi njugu hazionekani mezani, alinijibu bila kuinua kichwa: "Kachimbe kwenye ramani." Jibu hilo lilipita uani, likafika kisimani, na likawa msemo. Yeye na wenzake walihamia nusu iliyobaki, wakabanana humo.

Sasa Faustini aliitaka nusu hiyo nayo, kwa ajili ya stendi ya malori. Barua ilisema kwamba mimi, katibu wa zamani, nathibitisha kuwa eneo lile limekuwa wazi siku zote na halijawahi kulimwa na mtu. Mkutano wa kijiji ulikuwa baada ya wiki mbili. Nikisaini, wanawake zaidi ya thelathini wanakosa pa kulima, na mke wangu akiwa mmojawapo. Nisiposaini, itanibidi niseme kwa nini, mbele ya watu, na nikieleza hilo nitakieleza pia kiwanja cha kona. Niliikunja barua nikaitia mfukoni. Nikamwambia Faustini nitasaini nikirudi. Hivyo ndivyo mwoga anavyosafiri.

Alhamisi alfajiri nilikuwa njia panda na begi langu. Mama Edita alinisindikiza, jambo ambalo hakulifanya miaka mingi. Alinifungia mihogo ya kuchemsha ndani ya jani la mgomba, akasema, "Huko waulize hao watu wa lami wanakula nini."

"Watakuwa wananunua," nikamwambia.

"Wananunua kwa nani?" akauliza, na gari likafika.

Kutoka kwetu hadi Benako barabara inapanda na kushuka katikati ya nyasi ndefu, na jua lilitukuta njiani. Jirani yangu kitini alikuwa mama mwenye kuku wawili waliofungwa miguu, wakinidonoa suruali kila gari lilipopiga kona. Alinitaka radhi kwa niaba yao mara ya kwanza. Mara ya pili alinicheka. Benako nilipanda gari dogo la kwenda mpakani.

Rusumo, daraja linavuka mto Kagera pale maji yanapoanguka, na ukungu wa maporomoko ulinilowesha miwani. Ofisa wa uhamiaji aliniuliza nakwenda kufanya nini. Nikasema nakwenda kupiga picha za stendi. Aliniangalia, akaangalia mihogo yangu, akagonga muhuri. Upande wa pili magari hukaa kulia mwa barabara na saa hurudi nyuma kwa saa moja. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu. Katika umri wangu kupewa saa nzima si jambo dogo, ingawa niliitumia yote kusubiri basi.

Kuanzia hapo barabara ni nzuri hadi unasinzia. Tulipita Kibungo, Kayonza, kisha Rwamagana, na kila tulipovuka bonde nilishangaa. Vilima vilikuwa vimejaa nyumba, lakini chini, pale mabondeni, kulikuwa na mpunga au mboga kwa mistari iliyonyooka. Mimi nilidhani nchi ikiendelea huanza kujenga penye tambarare, maana hata sisi ndivyo tulivyofanya. Nikadhani hawa bado hawajafika huko.

Saa kumi jioni, kwa saa ya huko, niliteremka Kabuga, mji wa soko ulio mlangoni mwa Kigali kwa upande wa mashariki. Mwenyeji wangu Spesioza alikuwa akinisubiri, kavaa koti la ofisini na mabuti ya mpira miguuni. Spesioza alizaliwa kijijini kwetu, wazazi wake wakiwa wakimbizi, akasoma shule yetu ya msingi, akarudi kwao akiwa msichana mkubwa. Sasa ni mama wa miaka hamsini na kitu, na ni ofisa kilimo wa moja ya kata za jiji. Kinyambo chake, lugha yetu ya nyumbani, hakijachuja.

"Ta Longini," akasema, "umezeeka vizuri. Masikio tu ndiyo yameongezeka."

"Yanahitajika," nikamjibu. "Mama Edita bado anaongea."

Tulicheka hadi watu wakageuka. Kisha akanipandisha kwenye pikipiki ya abiria, nikavalishwa kofia ngumu ambayo lazima kila abiria aivae, na kwa mara ya kwanza maishani nilipita mjini nikifanana na chungu.

Nyumbani kwake, mbele ya mlango, kulikuwa na bustani ya duara iliyojengwa kwa mawe kwa ngazi tatu, kama keki ya harusi, imejaa mchicha, vitunguu na kabichi. Karibu kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa nayo. Kabla hatujamaliza chai alipita mwanamume mmoja mrefu, akaichungulia ile bustani, akaandika kitu kwenye daftari, akatusalimu na kwenda zake.

"Huyo ni kiongozi wa umudugudu wetu, yaani mtaa," Spesioza akaeleza. "Anazihesabu kabichi zangu kama mkwe anayehesabu watoto."

"Na zikipungua?"

"Ananiuliza nimekula na nani."

Ijumaa asubuhi nilifanya kazi niliyotumwa. Tuliingia mjini kwa basi, nikapiga picha stendi mbili: vibanda vya kusubiria, mistari ya rangi, hata mapipa ya taka. Nilipata picha kumi na tisa na nilijiona mpigapicha. Tulipita Kimihurura, penye ofisi za serikali na lile jengo kubwa la mikutano lenye paa la mviringo. Nyasi za pale zimekatwa kama nywele za bwana harusi. Nikamwuliza mtunza bustani mmoja kama ng'ombe wanaruhusiwa.

"Mzee," akasema kwa upole, "hii iko ya kuangaria tu."

Mchana Spesioza alikuwa na kazi bondeni, akaniambia nimfuate. Tulipita Kinyinya, ambako kila unapogeuka kuna nyumba inayopanda, mafundi juu ya majukwaa ya miti, malori ya matofali, vumbi jekundu. Baada ya mwendo tukasimama juu ya mteremko mwingine. Nyumba zilishuka kilima hadi mahali fulani kisha zikakoma zote, kana kwamba ziliambiwa simameni. Chini yake lilikuwa bonde refu la mboga, kijani cha kila aina, na watu wameinama humo mmoja hapa mmoja kule.

"Mbona nyumba hazishuki?" nikauliza. "Pale ni tambarare. Ni pazuri kwa malori."

"Hazishuki kwa sababu imeandikwa zisishuke," akasema Spesioza. "Bonde hili liko kwenye mpango wa jiji kama mahali pa kilimo."

Mahali pa kilimo, ndani ya jiji. Nilihisi ile barua mfukoni kama mtu anayehisi kijiwe ndani ya kiatu.

Chini tulimkuta Klodeta, mwenyekiti wa ushirika wa wakulima wa bonde lile, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, aliyekulia Bujumbura. Alinipa kiwiko nimshike, maana mikono ilikuwa na tope.

"Karibu mzee. Kiswahili yenu ya Tanzaniya iko ngumu, usiseme mbio. Hapa iko karoti, pale iko shu, kule mbele iko dodo." Shu ni kabichi na dodo ni mchicha. Akajifuta mkono kwenye kitenge, akatoa simu. "Ona. Naandika namba ya mahali, simu inaniletea rangi yake kwa pulani ya jiji. Yetu iko kijani. Kwa kijani mtu hajengi hata choo."

Mzee mmoja aliyekuwa akipalilia karibu, jina lake Karoli, alinyooka taratibu. "Pulani iko nzuri," akasema, "lakini haijui mvua. Miye nilitaka nyanya. Wakasema, hapana, msimu hii wote ni shu. Ona sasa, shu yangu imelala ndani ya maji kama kiboko."

"Karoli, nyanya yako ya mwaka jana ilikufa yote," Klodeta akamwambia.

"Ilikufa, lakini niliipenda mwenyewe."

Spesioza alicheka na kuandika malalamiko yake kwenye daftari. Nikamwuliza Klodeta waliipataje ile rangi ya kijani, nikidhani atanitajia mkubwa fulani. Akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Mara ya kwanza hatukuwa nayo," akasema. "Mchoraji mumoja alichora akiwa kwa ofisi, na picha ya kutoka juu. Ile picha ilipigwa wakati ya mvua kubwa, bonde iko maji tu, mtu hayuko. Akaandika: mahali ya kupumuzika. Basi karatasi ikaletwa kwa mukutano, ikatundikwa, tukaambiwa kila mutu atafute mahali yake. Tulitafuta mahali yetu, tukakuta mabenchi."

"Mkafanyaje?"

"Nikamwuliza yule kijana: jana saa sita ulikula nini? Akasema, wali na dodo. Nikamwambia, ile dodo ilitoka chini ya benchi yako."

Watu walicheka, Klodeta akasema, na yule mchoraji akacheka pia, lakini wiki iliyofuata alirudi na mabuti. Alikuja saa moja asubuhi, wakati wakulima wako kazini, akapita mfereji kwa mfereji pamoja na Spesioza, akimwuliza kila aliyeinama jina lake na anachopanda. Ilimchukua siku nne. Karatasi iliyofuata haikuwa na benchi hata moja.

Klodeta alikuwa akinichekesha, na mimi nilicheka. Ila nilimwelewa yule mchoraji kuliko alivyodhani. Yeye hakuona watu kwa sababu ya maji. Mimi niliwaona kila jioni wakirudi na vikapu, na bado niliandika hapana kitu.

Jumamosi ilikuwa ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo asubuhi kila mtu mzima huacha shughuli zake na kufanya kazi ya pamoja. Maduka yalifungwa, magari yakanyamaza. Tangu alfajiri, kabla magari hayajasimama, mimi na Spesioza tulikuwa tumekwenda kule bondeni kwa Klodeta kuzibua mfereji mkuu. Waliniambia wazee wa umri wangu wanaweza kukaa kivulini na kutia moyo. Kwa kiburi nilichukua jembe. Baada ya robo saa mgongo ulikataa kunyooka, na Karoli alinipitia akasema, "Mzee wa Tanzaniya anatafuta nini huko chini?" Klodeta akajibu, "Anatafuta nyanya zako." Nilicheka nikiwa vilevile nimeinama.

Saa tano kazi ilikoma na watu wakakaa ukingoni kwa mkutano. Wenzetu hawa wana desturi wanayoiita umuhigo. Ni ahadi ambayo mtu huitoa hadharani, ikaandikwa, na siku ikifika anaulizwa ameitimizaje. Viongozi huitoa kwa wakubwa wao, na mitaani watu huitoa mbele ya majirani. Kiongozi wa mtaa wa pale alisimama, naye akiwa na daftari lake. Mmoja akaahidi kujenga bustani ya mlangoni kabla ya mvua. Mwingine akaahidi mbuzi wake hawataonekana tena kwenye karoti, na watu wakaguna kwa pamoja, nikajua haikuwa mara ya kwanza. Spesioza alikuwa pembeni yangu akinitafsiria.

Kisha kiongozi akanigeukia, akasema kitu, watu wakatabasamu.

"Anatania," Spesioza akaninong'oneza. "Anasema mgeni amechimba nasi, basi naye atoe umuhigo wake. Sema tu utarudi kututembelea."

Nilisimama nikiwa na nia ya kusema hivyo hivyo. Lakini nilipowatazama, wote na matope yao, wakinisubiri kwa adabu, maneno yale hayakutoka. Nikasema nimetumwa kupiga picha za stendi. Nikasema kwetu kuna uwanda ambao wanawake hulima, na kwamba ni mimi niliyeandika kwenye ramani kuwa hapana kitu, nikijua kipo. Nikasema nilipata kiwanja katika ile nusu ya kwanza. Nikasema ndani ya mfuko huu iko barua ya kuimaliza nusu ya pili, inayosubiri saini yangu.

Spesioza alikuwa akitafsiri kipande kwa kipande. Nilipofika kwenye ramani alinyamaza. Nilidhani hakusikia, nikarudia. Alinitazama, kisha akawageukia watu na kuitafsiri sentensi ile hadi mwisho, kwa sauti ileile.

"Umuhigo wangu," nikamalizia, "ni kusimama kijijini kwetu na kusema haya niliyosema hapa."

Hakuna aliyepiga makofi. Klodeta aliinua mkono. "Umuhigo iko na siku," akasema. "Siku gani?"

Nikataja siku ya mkutano wetu. Kiongozi akaandika.

Tulirudi Kabuga. Spesioza alipika mwenyewe, akapakua, akakaa mkabala nami, na ndipo akasema, "Mama yangu alilima pale, Ta."

"Najua."

"Kibanja hakuna mwanamume aliyetupa. Tulikuwa wageni. Mama Edita ndiye aliyemshika mama mkono akamwonyesha mahali rweya, akamwambia anzia hapa. Mimi nimekulia kwenye hiyo 'hapana kitu' yako."

Nilimwambia tu kwamba nilikosa, na kwamba sikukosa kwa kutojua. Alikula kidogo. Baadaye akavuta daftari lake la kazi, akabadilika akawa ofisa kilimo. "Basi sikiliza. Mkifanya mkutano ofisini, saa nne, utaungama vizuri na watapiga kura vibaya, kwa sababu watakuwa walewale. Usianze na ramani. Anza na saa. Mkutano ufanyike rweya, saa mbili asubuhi, watu wakiwa na majembe mkononi. Na mtu asisemewe na mtu mwingine. Kila mmoja asimame penye udongo wake." Akaandika yote, akachana ukurasa, akanipa. Nikajua hajanisamehe bado, ila amenipa kazi, na kwa mtu kama mimi kazi ni bora kuliko msamaha.

Jumatatu niliagana na Kabuga. Spesioza alinifungia mbegu za maneno, kama alivyoziita, yaani salamu kwa kila mwanamke aliyemkumbuka, na nilizirudia kimoyomoyo njia nzima nisisahau jina. Rusumo nilirudisha ile saa niliyopewa. Wakati wa kusubiri gari la Benako nilitoa barua ya Faustini, nikaandika nyuma yake kwa mwandiko wangu uleule unaosifiwa: eneo hili halikuwa wazi, lilikuwa likilimwa, na mimi nilijua. Nikasaini. Kisha nikaikunja tena, nikapanda gari.

Nilipofika kijijini nilimpa Faustini simu yake pamoja na barua yake. Alizifurahia picha kumi na tisa za kwanza. Ya ishirini ikamshangaza, ya ishirini na moja pia.

"Ta Longini, nilikutuma stendi, umeniletea kabichi."

"Hizo kabichi zimo ndani ya Kigali," nikamwambia. "Zimo kwenye mpango, zina rangi yake. Malori yakija hapa, madereva watakula nini? Stendi haipikwi."

Halafu akaigeuza barua akasoma nyuma yake, mara mbili. Faustini si mtu mbaya. Alikuwa ameambiwa pako wazi, na aliyemwambia ni karatasi yangu. "Ukilisema hili," akasema, "watakuuliza kiwanja."

"Na waulize."

Wa kwanza kuuliza alikuwa mwanangu. Nilimweleza dukani kwake, kabla hajasikia kwa wateja. Alisema, "Baba, mimi nina watoto hapa," na nilimwambia sina uwezo wa kuyageuza matofali yawe nyasi, lakini namna tulivyokipata kiwanja kile nitaitaja. Hatukuongea siku mbili. Siku ya tatu alikuja kuniuliza kama nitahitaji kipaza sauti.

Nilimpa Faustini pia ule ukurasa wa Spesioza, naye akakubali kuuhamishia mkutano rweya. Siku yenyewe, saa mbili asubuhi, kijiji kizima kilisimama katikati ya nyasi na umande, wanaume wakiinua miguu kama bata kwa kuogopa kulowa suruali. Nilisema niliyoahidi. Ta Kristiani, tuliyekuwa naye kwenye kamati na mwenye viwanja viwili, alifoka, "Unataka kutuvua nguo uzeeni?"

"Navua zangu," nikamwambia. "Za kwako ziko mwilini mwako."

Wanawake walicheka kwanza, kisha watu wote. Faustini hakupigisha kura siku ile. Alisema kwamba kabla ya kura ni lazima ijulikane hapa pana nini, na kwamba aliyeandika mara ya kwanza ndiye ataandika tena. Akanipa karatasi tupu. Wanawake wakatawanyika, kila mmoja akasimama kwenye kipande chake, na mimi nikaanza kupita.

Hapo ndipo niliposoma somo ambalo Kigali ilinianzishia. Naijua mipaka ya vibanja vya kijiji chetu hadi kwa mababu, nani alimpokonya nani mgomba mwaka gani. Rweya sikujua hata kipande kimoja. Ilinibidi nimwulize kila mmoja, kama mgeni. Kuanzia kichuguu hiki hadi kile, maharage. Kuanzia hapa hadi penye majani marefu, viazi vikuu, lakini si mwaka huu, udongo unapumzika. Ukiandika unaopumzika ni wazi, Ta, tutarudi kulekule. Nikaandika: unapumzika. Wengine niliwajua miaka arobaini kama mama fulani, na siku ile ndipo nilipoyasikia majina yao waliyobatizwa. Mpango bado una safari, utakwenda wilayani, utarudi, huenda ukapunguzwa. Lakini karatasi ile ilijaa hadi pembezoni, na Faustini alilazimika kunikimbilia nyingine.

Karibu saa tano nilifika kipande cha mwisho upande wa mashariki. Mke wangu alikuwa amesimama katikati yake, jembe begani, akinisubiri kwa uso uleule aliokuwa nao kwa kila mtu.

"Jina?" nikauliza, maana ndivyo nilivyowauliza wote.

"Adelina Petro," akasema. "Usiandike mke wa."

Niliandika Adelina Petro. Nikamwuliza amepanda nini. Akaniambia niiname nijionee mwenyewe, kwa kuwa njugu mawe huzaa chini ya udongo, na mtu aliyesimama haoni kitu.

Niliinama.